Kukata mfuatano wa herufi katika C: amua kwanza kipande kitupu kina maana gani

Anayejifunza C akishaweza kusoma faili mstari kwa mstari, kinachofuata huwa kilekile: anataka kuugawa mstari kwenye mkato, kwenye nukta pacha au kwenye nafasi. Akiuliza, anajibiwa "tumia strtok", yaani fanksheni ya C inayoukata mfuatano kwenye vitenganishi, zile herufi zinazotenganisha vipande. Jibu hilo si uongo, ila limeachwa nusu. Nimeandika programu za kusoma matini kwa C kwa miaka mingi, za mafaili ya mipangilio, za logi za seva, za data inayotoka kwenye vifaa vya kupimia, na kila ninayefanya naye kazi humwambia jambo moja kwanza: kabla hujachagua fanksheni, jiulize kipande kitupu kina maana gani kwenye data yako. Ukishalijibu hilo, fanksheni inajichagua yenyewe.

Tuchukue mstari wa aina inayopatikana kwenye karibu kila mashine ya Linux. Faili la /etc/passwd lina sehemu 7 kwa kila mtumiaji, zimetenganishwa kwa nukta pacha: jina, nywila (siku hizi ni herufi x tu, maana nywila zenyewe hukaa kwenye faili jingine), namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo, saraka ya nyumbani na sheli (programu inayopokea amri za mtumiaji).

```
mgeni:x:1001:1001::/home/mgeni:/bin/bash
```

Tazama zile nukta pacha mbili zilizofuatana. Kati yake ndipo ilipo sehemu ya maelezo, nayo ni tupu. Mstari huu ni halali kabisa. Sasa tuupitishe kwenye strtok:

```c
char mstari[] = "mgeni:x:1001:1001::/home/mgeni:/bin/bash";

for (char *k = strtok(mstari, ":"); k != NULL; k = strtok(NULL, ":"))
    printf("[%s]\n", k);
```

Vinatoka vipande 6. Cha tano ni /home/mgeni, kwa hiyo programu inayotegemea mpangilio wa sehemu itaweka saraka ya nyumbani mahali pa maelezo, itaichukulia /bin/bash kuwa saraka ya nyumbani, na ikiitafuta sheli itakuta NULL. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mistari yenye maelezo itasomwa sawasawa. Majaribio yatapita, watu watafurahi, na tatizo litajitokeza siku mtumiaji asiye na maelezo atakapoongezwa.

strtok haina hitilafu hapo. Imefanya kile ilichoandikiwa: vitenganishi vilivyofuatana huvihesabu kuwa kimoja, na vinavyotangulia mwanzoni huvirukia. Kama unagawa maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi, hiyo ndiyo tabia unayoitaka, maana nafasi tatu kati ya maneno mawili hazimaanishi kwamba kuna maneno mawili matupu hapo katikati. Lakini kwenye data ya sehemu, utupu ni habari. Mfano ulio wazi zaidi ni PATH, orodha ya saraka ambamo sheli hutafuta programu. Kwa kanuni za POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, kipande kitupu ndani ya PATH, kiwe mwanzoni, mwishoni au katikati ya nukta pacha mbili, kinamaanisha saraka uliyomo wakati huo. Programu inayokagua usalama wa PATH kwa kutumia strtok haitakiona kipande hicho kamwe, na hicho ndicho ilichotakiwa kukitafuta.

## Ndani ya strtok

Ni vizuri kuiona kazi yake kwenye kumbukumbu, kwa sababu tahadhari nyingi zinazotolewa juu yake zinatokana na hapo. Ukifungua gdb, chombo cha kuchunguza programu inapoendeshwa, baada ya mzunguko ule kumalizika na kuzitazama baiti za safu, utakuta hivi:

```
m g e n i \0 x \0 1 0 0 1 \0 1 0 0 1 \0 : / h o m e / m g e n i \0 / b i n / b a s h \0
```

Kila nukta pacha iliyofunga kipande imefutwa na kuwekewa baiti ya sifuri. Moja imesalia, ile ya pili kati ya zile mbili. Haikufunga kipande chochote. Ilirukiwa wakati strtok ikitafuta mwanzo wa kinachofuata, basi ikaachwa kama ilivyo. Hii ina maana kwamba baada ya strtok huwezi kuurudisha mstari ulivyokuwa kwa kubadilisha sifuri zote kuwa nukta pacha bila kujua umeanza na urefu gani, na kama kitenganishi kilikuwa zaidi ya aina moja huwezi kabisa. Ukitaka kuonyesha mstari mzima kwenye ujumbe wa kosa, weka nakala kabla ya kukata.

Kwa kuwa inaandika ndani ya mfuatano, usiipe matini iliyo kwenye msimbo wenyewe. `char s[] = "a:b"` ni safu yako na inaandikika. `char *s = "a:b"` ni kielekezi cha kwenda kwenye matini ambayo lugha haikuruhusu kuibadilisha; kwenye Linux kwa kawaida hukaa kwenye sehemu ya kusomwa tu, na programu inakufa pale pale. Mistari hii miwili inafanana mno machoni, na wanafunzi wengi huhangaika hapa wakidhani kosa liko kwenye vitenganishi.

Jambo la tatu ni ile NULL tunayoipa kuanzia mwito wa pili. Tunaipa kwa sababu strtok inakumbuka yenyewe ilipoishia, na kumbukumbu hiyo ni moja kwa programu nzima. Tazama msimbo huu wa kusoma mipangilio:

```c
char s[] = "upana=80;urefu=24;rangi=bluu";

for (char *k = strtok(s, ";"); k != NULL; k = strtok(NULL, ";")) {
    char *jina  = strtok(k, "=");
    char *thamani = strtok(NULL, "=");
    printf("%s -> %s\n", jina, thamani);
}
```

Kinachotoka ni `upana -> 80` peke yake. Mwito wa ndani umeifuta kumbukumbu ya mwito wa nje. Sasa strtok inajua mwisho wa "upana=80" tu, na mzunguko wa nje unapoomba kipande kingine unajibiwa kwamba hakuna. Hakuna onyo wala programu haifi, ila mipangilio miwili imepotea. Jambo hili hutokea hata kama hukuandika mizunguko miwili kwa mkono wako: inatosha fanksheni unayoiita ndani ya mzunguko iwe inatumia strtok huko chini bila wewe kujua. Ndiyo maana siipendi ndani ya maktaba yoyote inayotumiwa na watu wengine.

Dawa ya hilo ni strtok_r ya POSIX. Inafanya kazi ileile, ila mahali ilipoishia panawekwa kwenye kielekezi unachokipa wewe:

```c
char *nje, *ndani;

for (char *k = strtok_r(s, ";", &nje); k != NULL; k = strtok_r(NULL, ";", &nje)) {
    char *jina  = strtok_r(k, "=", &ndani);
    char *thamani = strtok_r(NULL, "=", &ndani);
    /* kagua kwamba zote mbili si NULL kabla ya kuzitumia */
}
```

Kwenye Windows kompaila ya Microsoft ina strtok_s yenye hoja tatu kwa mpangilio uleule. Kuwa mwangalifu hapo: kiambatisho K cha C11 (kiwango cha C cha 2011) nacho kina strtok_s, lakini hiyo ina hoja nne. Jina moja, fanksheni mbili. Msimbo unaopaswa kwenda kwenye mifumo yote miwili ni afadhali uwe na fanksheni yako ndogo, na nitaifikia punde.

strtok_r imeondoa tatizo la kumbukumbu moja. Vipande vitupu bado inavimeza, na mfuatano bado inauandikia.

## strsep, na kielekezi kinachotembea

Ukitaka vipande vitupu vionekane, mifumo ya BSD ilileta strsep, nayo ipo pia kwenye glibc (maktaba ya C ya Linux) na macOS. Haimo kwenye kiwango cha C wala POSIX, basi ukiitumia ujue umejifunga kwenye mifumo hiyo.

```c
char *nakala = strdup(mstari);
char *p = nakala, *k;

while ((k = strsep(&p, ":")) != NULL)
    printf("[%s]\n", k);

free(nakala);
```

Mstari wetu sasa unatoa vipande 7, na cha tano ni `[]`. Kumbuka tu kwamba strsep inakisogeza kielekezi unachokipa, na mwishoni inakiacha kikiwa NULL. Anayeandika `free(p)` hapo hapati kosa lolote, maana kuachilia NULL kunaruhusiwa na hakufanyi chochote. Kumbukumbu inavuja kimyakimya kwa kila mstari uliosomwa. Ndiyo maana hapo juu kuna vigeu viwili, nakala na p, ingawa kimoja kingeonekana kutosha.

## Ninachokitumia mimi

Baada ya kuzitumia zote, nimekuja kuamini kwamba mara nyingi hatuhitaji kuukata mfuatano. Tunahitaji kujua kila kipande kinaanzia wapi na kina urefu gani. Mfuatano wenyewe unaweza kubaki ulivyo. Kiwango cha C tangu 1989 kina fanksheni inayofaa sana kwa hilo, nayo haitajwi inavyostahili: strcspn. Inapokea mfuatano na vitenganishi, inarudisha idadi ya herufi za mwanzo ambazo hazimo kwenye vitenganishi hivyo. Isipokuta kitenganishi, inarudisha urefu mzima. Haiandiki kitu na haikumbuki kitu.

```c
#include <stdbool.h>
#include <string.h>

struct kipande {
    const char *mwanzo;
    size_t urefu;
};

bool kipande_kijacho(const char **p, const char *vitenganishi,
                     struct kipande *k)
{
    if (*p == NULL)
        return false;

    k->mwanzo = *p;
    k->urefu = strcspn(*p, vitenganishi);

    const char *mwisho = *p + k->urefu;
    *p = (*mwisho != '\0') ? mwisho + 1 : NULL;
    return true;
}
```

Na matumizi yake:

```c
const char *p = "mgeni:x:1001:1001::/home/mgeni:/bin/bash";
struct kipande k;

while (kipande_kijacho(&p, ":", &k))
    printf("[%.*s]\n", (int)k.urefu, k.mwanzo);
```

Hapa matini iliyo kwenye msimbo inafaa, kwa kuwa haiguswi. Mizunguko miwili inaweza kwenda mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na p yake. Thredi hazigombani mradi kila moja ina p yake. Hakuna malloc wala free. Na kuhusu kipande kitupu, uamuzi ni wako: ukiwa unagawa maneno kwenye nafasi na hutaki vitupu, andika `if (k.urefu == 0) continue;` ndani ya mzunguko, utapata vipande vilevile ambavyo strtok ingekupa. Kinyume chake hakiwezekani, maana huwezi kuiambia strtok ikurudishie vitupu ilivyokwisha kuvimeza. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuanza na fanksheni inayoonyesha kila kitu.

Ile `%.*s` kwenye printf inapokea urefu kwanza, kisha mahali pa kuanzia. Urefu wake lazima uwe int, ndiyo maana nimebadilisha aina waziwazi. Size_t kwenye mashine za biti 64 ni kubwa kuliko int, na printf haina njia ya kujua ulichompa.

Sasa, vipande vya namna hii vina masharti yake, na ningependa uyajue kabla hujanakili msimbo. Kipande hakimaliziki kwa sifuri. Kinamalizikia mahali urefu unapoisha, na baada yake mstari unaendelea. Kwa hiyo strlen na strcmp hazikifai. Wengi hukimbilia strncmp, na hapo ndipo mtego ulipo:

```c
if (strncmp(k.mwanzo, "root", k.urefu) == 0)   /* si sahihi */
```

Sharti hili litakubali "root", lakini litakubali pia "ro", na litakubali hata kipande kitupu, maana kulinganisha herufi sifuri kila mara hutoa jibu kwamba ni sawa. Kwenye msimbo unaokagua majina ya watumiaji, hilo si jambo dogo. Linganisha urefu kwanza, kisha baiti:

```c
if (k.urefu == 4 && memcmp(k.mwanzo, "root", 4) == 0)
```

Namba nazo zina lake. Usitumie atoi, kwa kuwa ikishindwa inarudisha 0, nawe huna njia ya kutofautisha 0 ya kweli na upuuzi. strtol ni nzuri, na haihitaji unakili kipande, kwa kuwa inasimama yenyewe kwenye herufi ya kwanza isiyo tarakimu, ambayo kwa kawaida ni kitenganishi. Unachokagua ni kama imesimama pale kipande kinapoishia:

```c
char *hapa;
errno = 0;
long n = strtol(k.mwanzo, &hapa, 10);

if (k.urefu == 0 || hapa != k.mwanzo + k.urefu || errno == ERANGE) {
    /* hii si namba halali */
}
```

Sharti la `k.urefu == 0` linaonekana la ziada lakini siyo. Kipande kikiwa kitupu, strtol haipati tarakimu, inarudisha kielekezi cha mwanzo, na mwanzo jumlisha sifuri ni mwanzo uleule. Bila sharti hilo, utupu ungepita kama namba 0. Tunarudi kwenye swali letu la kwanza: hapa kipande kitupu ni sifuri, ni kosa, au ni thamani ambayo haijajazwa? C haiwezi kukujibia.

Sharti la mwisho linahusu uhai. Kipande kinaelekeza ndani ya bafa. Ukisoma mstari mwingine kwa fgets kwenye bafa ileile, vipande vya mstari uliopita sasa vinaelekeza kwenye herufi za mstari mpya. getline ni kali zaidi, kwa kuwa inaweza kuihamisha bafa nzima ikikutana na mstari mrefu, na vielekezi vyako vikabaki vinaelekeza pasipo penyewe. Unachotaka kikae baada ya mstari kupita, kinakili kwa strndup na ukumbuke kukiachilia. strdup na strndup zilikuwa za POSIX kwa muda mrefu, na C23 imeziingiza kwenye kiwango.

## Kitenganishi chenye herufi zaidi ya moja

Hoja ya pili ya strtok, strsep na strcspn ni seti ya herufi. Si neno. `strtok(s, ", ")` haikati penye mkato unaofuatwa na nafasi. Inakata penye mkato na inakata penye nafasi pia. Mpe "rangi ya bluu, rangi ya kijani" naye atakurudishia maneno sita badala ya rangi mbili. Kama kitenganishi chako ni kitu kizima, kitafute kwa strstr:

```c
const char *m = strstr(p, ", ");
size_t urefu = m ? (size_t)(m - p) : strlen(p);
```

Kisha ukisonga mbele ruka urefu wote wa kitenganishi, si herufi moja.

Hili linakuwa zito zaidi kwenye UTF-8. Mfumo huo wa usimbaji, ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni 1992, una sifa moja inayotusaidia sana: kila baiti ya herufi iliyo nje ya ASCII ina thamani ya 128 au zaidi. Kwa hiyo ukikata kwenye mkato, nukta pacha au nafasi ya kawaida, huwezi kamwe kuangukia katikati ya herufi. Matini iwe ya Kiarabu, Kichina au Kiswahili, strcspn ya kitenganishi cha ASCII ni salama. Lakini ukitumia kistari kirefu "–" kama kitenganishi, umetoa baiti tatu: E2, 80 na 93. strcspn itakata penye yoyote kati ya hizo. Alama ya yuro ni E2 82 AC, nayo inaanza na baiti ileile, basi itakatwa kichwa na kilichobaki kitakuwa takataka kwenye skrini. Kwa kitenganishi kisicho cha ASCII ni strstr tu.

sscanf nayo hupendekezwa sana, kwa muundo kama `%63[^:]`. Kwa mstari ambao sehemu zake zote zina kitu, inatosha. Kwa sehemu tupu haifai, kwa sababu `%[` inahitaji angalau herufi moja; ikikosa inasimama na sehemu zote zinazofuata zinabaki bila kujazwa. Na ile 63 usiiache kamwe, la sivyo mstari mrefu utaandika nje ya bafa.

## CSV si mistari yenye mikato

CSV ni muundo wa data ambao sehemu zake hutenganishwa kwa mkato, na ningeomba hili lichukuliwe kwa uzito. Mtu akisema "ni CSV, nagawa tu kwenye mkato", mwonyeshe mstari huu:

```
12,"meza, kubwa",4
```

Sehemu ni tatu. Fanksheni zote nilizozitaja, pamoja na yangu, zitatoa nne. Hati ya RFC 4180 ya 2005 inaeleza desturi: sehemu inaweza kuzungushiwa alama za kunukuu, ndani yake mkato ni herufi ya kawaida, alama ya kunukuu iliyo ndani huandikwa mara mbili, na hata mwisho wa mstari unaweza kuwa ndani ya sehemu. Hilo la mwisho linamaanisha kwamba hata kusoma mstari kwa mstari kumeshakosea kabla hujaanza kukata. CSV inahitaji kusomwa herufi moja baada ya nyingine huku ukikumbuka uko ndani ya alama za kunukuu au nje. Si msimbo mrefu, lakini ni kazi nyingine. Ikiwa data unaitengeneza wewe mwenyewe pande zote mbili, tumia kichupo kama kitenganishi, ukatae herufi hiyo ndani ya sehemu wakati wa kuandika, na fanksheni ile fupi itakutosha.

## Mwisho wa mstari, kompaila na majaribio

fgets inaacha `\n` mwishoni, na faili lililotoka Windows linaacha `\r\n`. Zisipoondolewa, zinabaki kwenye kipande cha mwisho, na sheli yako inakuwa "/bin/bash" yenye mkia usioonekana. Tena ni strcspn:

```c
mstari[strcspn(mstari, "\r\n")] = '\0';
```

Inafanya kazi hata kama mstari hauna mwisho wowote, kwa kuwa hapo inaandika sifuri juu ya sifuri. Ndiyo sababu pia mifano yangu yote inachapa vipande ndani ya mabano ya mraba. Kipande chenye `\r` mwishoni kinaonekana hivi kwenye terminali:

```
]/bin/bash
```

`\r` imerudisha kishale mwanzo wa mstari, na bano la kufunga limeandikwa juu ya lile la kufungua. Ukiona bano la kufunga liko mbele, umeshajua tatizo bila kufungua kitu kingine. Bila mabano ungeona /bin/bash safi na kuumia kichwa bure.

Kuhusu kompaila: ukitumia `-std=c11` kwenye Linux, glibc inaficha strtok_r, strdup na strsep, kwa sababu hazimo kwenye kiwango hicho. Kompaila za zamani kidogo hutoa onyo tu, zikachukulia kwamba fanksheni isiyotangazwa inarudisha int, na kielekezi cha biti 64 kikakatwa kuwa biti 32. Programu itakufa mahali ambapo msimbo unaonekana hauna kosa. GCC 14 imelifanya jambo hilo kuwa kosa linalozuia kabisa, na imefanya vyema. Weka `#define _POSIX_C_SOURCE 200809L` juu kabisa ya faili, kabla ya include yoyote. Kwa strsep weka `_DEFAULT_SOURCE`. Au tumia `-std=gnu11`.

Majaribio ninayoyaanza nayo kwa fanksheni yoyote ya kugawa, hata kabla ya data halisi, ni haya, kitenganishi kikiwa nukta pacha:

```
""       kipande 1, kitupu
"a"      kipande 1
":"      vipande 2, vyote vitupu
"a:"     vipande 2, cha pili kitupu
":a"     vipande 2, cha kwanza kitupu
"a::b"   vipande 3, cha kati kitupu
```

Kanuni yake ni kwamba vitenganishi vikiwa n, vipande ni n + 1. Mstari wa kwanza ndio unaobishaniwa. Wengine wanaona mfuatano mtupu hauna kipande hata kimoja, na kwa orodha ya majina huenda wakawa na haki. strsep inarudisha kimoja, na fanksheni yangu pia. Ukitaka sifuri, kagua `*p == '\0'` kabla ya kuingia kwenye mzunguko, na uliandike hilo kwenye maelezo ya fanksheni ili anayekuja baada yako asilazimike kukisia.

Kisha ujenge kwa `-Wall -Wextra -g -fsanitize=address,undefined` na uyapitishe yote sita, pamoja na mstari mmoja mrefu kuliko bafa yako. AddressSanitizer itakuonyesha mstari wa msimbo uliosoma au kuandika nje ya bafa, na kwenye Linux itataja mwishoni kumbukumbu ambayo haikuachiliwa, ikiwemo ile ya `free(p)` baada ya strsep.